Kobe Tena

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nililinunua niandike majina ya wapangaji wanaopoteza funguo, lakini wapangaji wa jengo hili hawapotezi funguo, wanapoteza aibu tu. Basi kurasa ni zangu. Atakayesoma bila ruhusa, macho yamwashe.

Mimi ni msimamizi wa jengo la ghorofa tatu. Zamani nilikuwa dereva wa malori marefu. Nimelala katika nchi saba na nimetukanwa kwa lugha kumi na mbili. Tusi moja lilikuwa tamu hadi nikalikariri. Shule niliishia darasa la sita na nusu. Hiyo nusu ni kwa sababu upepo uliezua paa la darasa katikati ya muhula, nami nikaona hiyo ni ruhusa. Mgongo ulipoukataa usukani, nikapewa ufagio na kitita cha funguo.

Leo mvua imeanza. Wengine wanashangilia. Mimi sishangilii, kwa sababu ya Dada.

Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani. Analala na kufanya kazi katika chumba cha chini, kile chenye dirisha la barabarani. Mama alipotutoka nilikuwa bado sijui kufunga kamba za viatu, na Dada mwenyewe alikuwa binti tu. Alishona sare za watoto wa watu, mimi nikala. Miaka yote ya safari, nikirudi, kwangu nyumbani ilikuwa ni ile sauti ya cherehani yake, haijalishi imewekwa mtaa gani.

Sasa, nyuma ya chumba chake, chini ya ngazi, kuna shimo linalokusanya maji ya jengo zima. Mwaka jana lilifurika, maji yakaingia yakalowesha vitambaa vya wateja. Mwenye Jengo, mama mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, alisimama mlangoni akatamka mbele ya watu: "Maji yakivuka kizingiti hiki tena msimu ujao, chumba nakijaza zege kiwe stoo. Fundi atafute pengine."

Dada hakuinua kichwa. "Mimi sihami," alisema, akaendelea kushona.

Msimu ujao ndio huu.

Ulinzi wetu ni pampu mbili zilizomo shimoni. Moja inanguruma polepole, nimeiita Kobe. Nyingine inavuma, ni Nyuki. Pampu moja ikifanyishwa kazi mfululizo inachemka na kujizima, kwa hiyo lazima zipokezane: Kobe, kisha Nyuki, kisha Kobe. Anayegawa zamu ni kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiberiti, iliyo katika kabati chini ya ngazi. Maji yakijaa, boya linapanda. Boya likipanda, kompyuta inasoma maagizo iliyoandikiwa na kuwasha pampu.

Aliyeileta ni Antena, kaka wa mke wangu. Ni fundi simu, anakaa ghorofa ya juu kabisa, na urefu wake ni kama amesimamishwa pale kushika mawimbi. Wiki iliyopita nilimtania mbele ya wapangaji: "Shemeji, kiberiti chenyewe hata sigara hakiwashi, unakisifu hivyo?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akanikabidhi waya.

"Basi shemeji, wewe si umeona dunia? Kuwasha pampu nimeshaandika. Mambo ya zamu andika mwenyewe."

Nikaupokea. Mtu aliyerudisha trela kinyumenyume kwenye geti jembamba, usiku, huku polisi wa nchi ya watu wakimpigia filimbi, atashindwa na maandishi? Nimeyaandika jana, kwa msaada wa simu na ujasiri.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua kidogo. Kobe amevuta maji yote. Safi kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua asubuhi, Kobe. Mvua mchana, Kobe tena.

Jumapili, 9 Machi

Kobe. Kobe. Kobe tena. Nyuki kalala kama mgeni rasmi.

Nimekaa chini ya ngazi na kompyuta kuukuu ya mke wangu mapajani, nikayasoma maagizo yangu. Fungu la maagizo lenye jina lake huitwa kazi. Langu linaitwa "vuta". Ndani yake mna kisanduku kinachoitwa zamu. Mstari wa kwanza: zamu ni moja. Halafu: zamu ikiwa moja, washa Kobe, akimaliza ibadilishe iwe mbili. Ikiwa mbili, washa Nyuki, akimaliza irudishe moja.

Hapo kosa liko wapi? Hata mbuzi angeelewa. Nimesoma mara nyingi na kila mara nimejipongeza.

Nikaiambia kompyuta iwe inaniandikia inachokijua. Boya likapanda. Ikaandika: zamu ni moja. Ikawasha Kobe. Alipomaliza, ikaandika: zamu ni mbili. Niliiona hiyo mbili kwa macho yangu haya! Boya likapanda tena. Ikaandika: zamu ni moja.

Mbili imekwenda wapi? Nimetazama hata nyuma ya kabati.

Kulikuwa na mpaka mmoja zamani, nikiupita kila wiki, na afisa wake alinigongea muhuri kwa miaka. Kila wiki ananiuliza: "Mara yako ya kwanza kuja huku?" Nikamletea soksi za sufu tuzoeane. Wiki iliyofuata, soksi zangu ziko miguuni mwake, akaniuliza: "Mara yako ya kwanza?" Nadhani mtu yule ameajiriwa ndani ya hiki kiberiti.

Jumatano, 12 Machi

Nimejifunza kwa mwalimu wa kwenye video, kijana anayeongea kama anakimbizwa. Anasema visanduku vinavyozaliwa ndani ya kazi vinakufa kazi inapokwisha. Ukiiita tena, inaanza upya, haina habari na jana. Ukitaka kitu kikumbukwe kati ya mwito na mwito, kiweke nje.

Nikakitoa nje. Juu kabisa ya ukurasa, peke yake: zamu ni moja. Boya likapanda, na kompyuta ikagoma kabisa. Inalalamika kwamba natumia kisanduku ambacho hakijajazwa. Nimekijaza! Kile pale juu, nakiona!

Mke wangu akachungulia. "Unamfokea nani?"

"Mashine."

"Imekujibu?"

"Imenijibu, ndiyo maana nafoka."

Sielewi. Zamani ilikuwa inasahau, sasa imekuwa kipofu.

Jumamosi, 15 Machi

Nilishuka kwa Dada kutafuta faraja, nikapata kesi.

"Chaki yangu iko wapi?"

Nikakumbuka. Jana niliiazima nipige mstari, nikaitumbukiza mfuko uliokuwa karibu. Mfuko ulikuwa wa koti la mteja. Koti limeshakwenda.

"Chaki ya kazi inakaa kwenye kikopo msumarini," Dada alisema, sindano mdomoni. "Ukiitia kwenye koti, koti likiondoka imeondoka."

"Hiyo nimeshajifunza, Dada. Mimi yangu nimeitoa nje. Sasa haioni!"

"Nani haoni?"

"Kompyuta."

"Umeiambia ichukue ya msumarini? Humu ndani mna vipande vya chaki kila mahali. Nikikutuma chaki bila kukwambia ipi, utaniletea iliyokuangukia miguuni."

Nikambusu utosini, nikapanda ngazi mbili mbili na mgongo wangu huu. Yule kijana wa video alikuwa amesema hivyo hivyo, ila mbio mbio: ukibadilisha kisanduku ndani ya kazi bila kutangaza kwamba unasema kile cha nje, lugha hii inakutengenezea kingine chenye jina hilo hilo humo ndani, kitupu. Nikaongeza tangazo.

Sasa nangoja mvua kama mkulima.

Jumapili, 16 Machi

Kobe, Nyuki, Kobe, Nyuki, Kobe, Nyuki!

Nimewasimamisha wapangaji kwenye ngazi mmoja mmoja nikawaeleza. Mwenye mafua nimemweleza, mwenye haraka nimemweleza. "Siri ni kukitoa nje!" niliwaambia. "Kisanduku changu kiko peupe, juu kabisa, mwenye macho akisome!" Antena akapita na ngazi yake ya mbao begani, akasikia yote, akaenda zake. Wivu, nikasema moyoni.

Jumatano, 19 Machi

Umeme umekatika mara tatu. Kila ukirudi, kompyuta inaamka mtoto mchanga. Kobe tena. Kobe tena. Kobe tena.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeiamuru iandike zamu kwenye kadi yake ya kumbukumbu kila inapobadilika, na ikiamka iisome kwanza. Umeme umekatika, umerudi, na ameamka Nyuki, zamu yake halali. Sasa nitafute nini kingine duniani? Nimenyoa ndevu.

Jumapili, 23 Machi

Dada aliteleza kwenye ngazi juzi jioni akija kula kwetu. Goti limevimba kidogo. Mke wangu akamwita kaka yake, na leo ngazi zina taa zinazojiwasha zenyewe, giza likiingia: ukikanyaga chini inawaka ya chini, ukifika katikati inapokea ya juu, ukipita zinazima. Wapangaji wanazipanda na kushuka kama watoto.

Nimekataa kuzisifu. Nimesema zinaumiza macho.

Jumanne, 25 Machi

Asubuhi: Kobe, Nyuki, Kobe, Nyuki. Jioni: Kobe, Kobe, Nyuki, Kobe, Kobe.

Umeme haujakatika hata mara moja. Sijagusa chochote. Nimeshika kichwa.

Alhamisi, 27 Machi

Nimekaa mbele ya kabati tangu alfajiri hadi saa kumi, sijatoka hata kwa chai. Zamu zote sawa kama gwaride. Jioni ikaingia, nikapanda kula, na kwa mbali nikasikia ule mngurumo. Kobe tena.

Hii mashine ina haya? Nikiitazama ina adabu, nikiipa mgongo inafanya inavyotaka. Nilikuwa na utingo wa namna hiyo.

Jumapili, 30 Machi

Leo wamo wote nyumbani, wageni wanakuja na kuondoka, na tangu magharibi ni Kobe, Kobe, Kobe. Jumapili ni mbaya kuliko siku zote. Kwa hiyo anayeharibu ni mtu. Mashine haijui Jumapili.

Na mtu ninaye.

Mchana nilimwona Antena akitoka chumbani kwa Dada na futi ya kupimia. Aliponiona akaificha nyuma, na mtu wa urefu ule hana nyuma ya kufichia kitu. Nikiwa bado koridoni nikasikia Dada akisema, "Usimwambie mdogo wangu, atapiga kelele."

Wanapima nini? Vyombo vyake, wajue gari la kuhamishia litakuwa kubwa kiasi gani? Dada aliyesema hahami?

Sijui nani ni nani tena humu ndani.

Jumatano, 2 Aprili

Jioni nimemkabili Antena kwenye ngazi, watu wakisikia, kwa sababu mimi sijui kukabili kwa siri.

"Shemeji, mkono wako utoe kwenye kabati langu."

"Mkono gani?"

"Unaoharibu zamu. Unataka pampu iungue, niumbuke, Dada ahame, halafu uonekane ungeweza kuliko mimi."

Alinitazama kutoka kule juu kwake. Alikuwa na risasi ya kuunganishia waya iliyomgandia kwenye shati, na macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri. "Mimi mambo yako nimekuachia," akasema. "Nina taa zangu, basi."

"Taa zenyewe zinaumiza macho!"

"Ndiyo, ulishasema."

Akapanda. Taa ya chini ikawaka, ya juu ikapokea. Shimoni boya likapanda, na Kobe, aliyekuwa ametoka kupumzika sasa hivi, akaanza tena. Nikampigia kelele Antena kwamba ameona anachokifanya. Alikuwa ameshafika juu.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Kobe tena. Mke wangu leo ameniambia neno moja: "Chumvi." Alikuwa anaomba apitishiwe.

Jumapili, 6 Aprili

Mke wangu ameongeza maneno. "Huyo unayemwita mharibifu ni kaka yangu. Akikosa nitamwambia mimi. Wewe umemkosea mbele ya watu, na hujui hata amekukosea nini."

"Najua. Anaharibu zamu."

"Umemwona?"

Sijamwona. Nikaosha vyombo, jambo ambalo hata mimi lilinishangaza.

Jumanne, 8 Aprili

Naandika nguo zikiwa bado zinachuruzika, wino utanisamehe.

Saa tisa alasiri mbingu ziligeuka nyeusi kama sakafu ya karakana. Taa za barabarani ziliwaka zenyewe. Kisha ikashuka, wapangaji wakapanda na kushuka mbio kuanua nguo. Nimeendesha lori ndani ya mvua za nchi saba, na hii ingezikusanya zote ikazifundisha kazi. Shimo likaanza kujaa, boya likapanda, Kobe akaanza. Akamaliza. Boya likapanda. Kobe. Akamaliza. Kobe.

Nilikuwa mbele ya kabati nikisoma: zamu ni moja. Zamu ni moja. Zamu ni moja. Nikiibadilisha kwa mkono iwe mbili, kabla boya halijapanda imesharudi moja. Mchana! Mbele ya macho yangu! Ile haya yake imekwisha.

Nikapaza sauti: "Dada anafurikiwa!" Na hapo, niseme ukweli, niliwaona watu wa jengo hili. Niliosema wamepoteza aibu. Walishuka wote. Mwenye mafua alibeba majora ya vitambaa, mwenye haraka akabeba mavazi ya wateja kichwani, mke wangu akapitisha ndoo. Juu, chini, juu, chini, ngazi zinatoa moshi kwa miguu. Na kadiri walivyosaidia ndivyo Kobe alivyozidi kuitwa. Mngurumo wake ukawa mzito, ukawa mkoromo, nikasikia harufu ya waya wa moto.

Antena akaja na mfuko wa vyuma. Nikamzuia mlangoni.

"Umekuja kuhamisha?"

"Nipishe, shemeji."

Akanisukuma kwa bega, nikaona alichobeba. Ilikuwa miguu ya chuma, mipya, iliyochomelewa, yenye kimo cha goti. Cherehani mbili tayari zilikuwa juu ya miguu kama hiyo. Kabati la nyuzi pia. Hata kitanda. Wiki mbili mtu huyu amekuwa akipima na kuchomelea, aviinue vitu vyote vya dada yangu viwe juu ya maji, ili hata mimi nikishindwa, Dada asiharibikiwe. Ilikuwa imebaki meza ya kukatia. Akainama maji yakiwa yamefika kwenye kizingiti.

Nilikuwa nimemwekea matusi ya lugha kumi na mbili; nikamshikia ncha ya pili ya meza.

Maji yakavuka. Sio mengi, kimo cha kidole. Dada aliziba mlango kwa makapi ya vitambaa, akasimama katikati ya chumba chake, na watu kwenye ngazi wakawa wanagongana wakipigiana kelele, huyu ashuke huyu apande, mimi nikiwapigia kelele wote. Dada uvumilivu ukamwishia. Mwanamke huyu sijamsikia akipaza sauti tangu nilipochoma sare ya watu kwa pasi.

"Simameni! Kila mtu asimame alipo! Hamnisaidii, mnanitia wazimu!"

Tukaganda. Mguu mmoja juu, ndoo mikononi. Ilibaki sauti ya mvua tu. Taa za ngazi, ya chini na ya juu, zikazima. Kobe alimaliza kwa kukohoa.

Boya likapanda.

Na Nyuki akavuma.

Nikageuka kuwatazama watu kwenye ngazi. Mpangaji mmoja akachoka kusimama na mguu mmoja, akaushusha kwenye ngazi ya chini. Taa ya chini ikawaka. Nikatupa macho kwenye kioo cha kompyuta: zamu ni moja.

"Asitingishike mtu!" nililia. "Antena! Taa zako zinaongozwa na nini?"

"Na hiki kiberiti. Ningenunua kingine cha nini?"

"Zinajuaje ni zamu ya taa ipi?"

"Si kuna kisanduku. Mtu akikanyaga chini naandika moja, akifika kati naandika mbili, akipita narudisha moja."

"Kisanduku kipi, shemeji?"

"Zamu. Kile cha nje." Alikuwa bado ameshika mguu wa meza. "Si ulisema mbele ya watu kiko peupe, mwenye macho akisome? Nikakikuta kipo, nikakitumia. Nilidhani umekiweka cha wote."

Kila mtu aliyepanda ngazi hizo gizani, kila aliyetembelewa Jumapili, Dada mwenyewe akija kula kwangu na goti lake, alikuwa anairudisha zamu kwa Kobe. Na aliyewapa ruhusa alikuwa mimi, kwa mdomo wangu, huku najisifu.

Tulisimama hivyo hivyo, watu wazima, kama tunapigwa picha, mpaka mvua ikapungua. Kobe, Nyuki, Kobe, Nyuki. Maji yakarudi nje ya kizingiti. Mwenye mafua alijizuia kupiga chafya hadi akatoa machozi.

Jumatano, 9 Aprili

Nilipanda hadi ghorofa ya juu kabisa. Niliandaa hotuba njiani, yenye vichwa vitatu. Antena akafungua mlango nikasema, "Taa zako ni nzuri."

"Haziumizi macho?"

"Macho yangu ndiyo mabovu."

Akanisogezea kiti. Nimegundua nilimchukia mtu huyu mwezi mzima kwa kosa la kuniamini.

Tulikaa mpaka adhuhuri. Kwanza nikataka turudishe zamu ndani ya kazi. Akanikumbusha yule afisa wa soksi, itasahau. Tukiiacha nje, kila anayepita ataishika. Mimi nikachanganyikiwa upya: ndani inakufa, nje inaguswa, sasa ikae wapi, hewani? Antena akaniambia ipo njia ya katikati. Unajenga kazi kubwa, ndani yake unaweka kisanduku, na ndani humo humo kazi ndogo. Kubwa inakwisha, inakutolea ile ndogo, nayo inatoka imebeba kisanduku chake. Ukiiita mara mia inakikumbuka. Wa nje hakioni.

"Kama chaki kwenye mfuko wa aproni ya Dada," nikasema. "Si ukutani, si kwenye koti la mteja. Anatembea nayo."

"Sasa hiyo umeielewa au unajisifu?"

"Nusu kwa nusu."

Pampu zikapewa zamu yao, taa zikapewa yao. Ya pampu bado inajiandika kwenye kadi, umeme ukikatika. Kobe amepoa, anafanya kazi, sauti imekwaruza kidogo tu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mwenye Jengo amekuja. Aliangalia yale makapi ya vitambaa yaliyolowa mlangoni. Nilikuwa tayari na uongo mzuri, uliohusu bomba la jirani.

"Maji yalivuka?" akauliza.

"Yalivuka," Dada akasema kabla sijameza mate. "Kimo cha kidole."

Nilitamani nimfunike mdomo. Mwenye Jengo akashusha miwani ya kichwani akaiweka juu ya ile ya machoni. "Unajua nilisema nini."

"Najua. Walikosea, wamerekebisha. Njoo mvua kubwa ijayo, ukae kwenye kiti changu hiki. Ukilowa kiatu, nahama mwenyewe, sitangoja zege."

Yeye aliyesema hahami! Amekiweka chumba chake juu ya maandishi ya mtu wa darasa la sita na nusu. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Nilikufundisha kufunga kamba za viatu. Ulizifunga vibaya mwezi mzima, halafu ukajua." Sijui kama alinisifu.

Jumatatu, 14 Aprili

Jua. Sijawahi kulichukia jua hivi.

Alhamisi, 17 Aprili

Mawingu tu. Nimesoma maagizo yangu mpaka yamekosa maana, kama neno ukilirudia sana.

Jumanne, 22 Aprili

Imekuja. Saa kumi, na giza lake lile lile. Nilimpigia simu Mwenye Jengo, akafika na mwavuli, akakaa kwenye kiti cha Dada, viatu vya ngozi sakafuni, mikono juu ya mkoba. Mimi na Antena tulisimama kwenye kabati, mke wangu kati yetu.

Kobe akaanza. Wapangaji walikuwa wametoka milangoni mwao kusikiliza, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kukanyaga ngazi. Tumezoea vibaya. Wiki mbili sasa, mvua ikinyesha jengo zima linaganda.

"Kwa nini mmesimama kama sanamu?" Mwenye Jengo akauliza. "Hamna kazi?"

Dada ndiye aliyeweka mkasi chini. Akajifuta uzi magotini, akatoka, akafika kwenye ngazi ya chini.

"Dada, subiri," nikasema.

"Nisubiri nini? Msimu mzima nitakuwa napanda kwako kwa ruhusa ya mashine?"

Akakanyaga. Taa ya chini ikawaka. Alipanda polepole, mkono ukutani, goti lake likilalamika, nami nikizihesabu hatua zake. Kobe alipomaliza, alikuwa katikati; ikapokea taa ya juu. Akafika, taa zikazima.

Antena alinishika mkono. Maji yakapanda shimoni, yakalinyanyua boya taratibu, kama mtu anayeamka hataki.

Kutoka juu Dada akaita: "Zamu ya nani?"

Hakukuwa na haja ya kujibu. Jengo zima liliusikia mvumo ule.

"Ya Nyuki!" wapangaji wakaitikia kwa pamoja.

Mwenye Jengo akageuka kwenye kiti, viatu vyake vikavu. "Nani huyo Nyuki? Kuna mpangaji humu sijamwandika?"

Alikaa mpaka mvua ilipokatika. Alipoondoka alimwachia Dada sketi ya kupunguza kiuno, akasema ataifuata mwezi ujao, hapa hapa.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Kobe, Nyuki, Kobe, Nyuki. Nimepanda na kushuka ngazi siku nzima bila sababu yoyote. Chini, Dada anashona.